Pikipiki ya Mkwe: Nilivyofika Ukerewe kwa Kabula

Nimerudi salama, Mungu ashukuriwe. Tangu nimerudi kila mtu ananiuliza habari za Ukerewe, na kila nikianza kueleza kuna mmoja anadakia pale kwenye pikipiki, wote mnacheka, na hadithi inafia hapo. Kwa hiyo nimekaa nimeandika. Mama Upendo atawasomea baada ya maombi ya Jumatano, na asiruke kitu. Mwandiko wangu ni wa darasa la jioni, nilianza masomo nikiwa na watoto wanne, mnisamehe pale mstari unapopanda mlima.

Kwanza mjue nilikuwa naenda kufanya nini. Kabula wangu, yule wa kwanza, ni mwalimu kule kisiwani, na ameolewa na kijana wa huko huko, fundi wa injini za boti. Mimba yake iliyotangulia ilifika mpaka mwisho, mtoto akatoka, hakulia. Wakati ule nilifunga safari nikaishia Kisorya. Ziwa lilikuwa limechafuka, kivuko hakivuki, na mwanangu akazika mtoto mimi nikiwa ng'ambo naangalia mawimbi. Safari hii aliponipigia kwamba siku zimekaribia alisema neno moja tu: "Mama, njoo unishike." Nikamwambia nakuja.

Jambo la pili ni kwa ajili yako Mama Upendo, wewe ni wa Moshi, na Bi Zuhura wa dukani, maana najua na wewe utakuja kusikiliza. Sisi Wasukuma tuna kitu tunakiita bukwi, ndiyo heshima ya ukwe. Mama wa binti na mume wa binti hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawalali chini ya bati moja, na mama halitaji jina la mkwe wake hata akiwa peke yake jikoni. Siyo chuki. Mtu unayemheshimu sana ndiye unayemkalia mbali. Vijana wa mjini wameacha, mimi sijaacha. Mchungaji anasema mila siyo wokovu, na ni kweli, lakini sijamsikia akisema heshima ni dhambi.

Nkololo mpaka Lamadi

Baba Kabula alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba tenga la kuku wawili. Mimi nilibeba gunia la michembe. Mnajua Kabula na michembe, hata akiwa mdogo viazi vibichi vikikatwa kuanikwa juani yeye yupo pale anaiba. Nilikuwa na samli pia, na unga wa ulezi wa uji wa mzazi.

"Mama Kabula," akasema.

"Abee."

"Unaenda bukwi."

"Najua."

"Usije ukafika kule ukazoea. Nitaulizwa mnadani, eti mke wako kalala nyumba moja na mkwe. Nitajibu nini?"

"Wajibu kwamba alienda kuzalisha, hakwenda kuolewa."

Akacheka mpaka kuku wakashtuka. Akanipa tenga, akasimama pale pale mpaka gari likapotea. Huyo ndiye mume niliyepewa, na simlalamikii.

Bariadi nilipata mchomoko, hivi vigari vidogo vya kupakia watu wa njiani. Tukaenda vizuri, tukapita Dutwa, mbele kidogo tairi likapasuka. Dereva akafungua nyuma kutafuta tairi la akiba akakuta ndoo ya rangi. Kumbe tairi aliliazimisha kwa shemeji yake. Abiria mmoja akamuuliza, "Sasa ndugu, tufunge ndoo?"  Dereva akasimamisha pikipiki, akaondoka na tairi bovu begani kama mtu anayeenda shamba.

Pale barabarani palikuwa na nyumba, na mama mmoja amemwaga pamba yake juu ya turubai anachambua uchafu. Nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola, salama. Tairi tu."

"Basi kaa, mikono isikae bure."

Nikakaa, nikachambua naye pamba. Hakuniuliza jina. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia, nikamweleza na ya mtoto ambaye hakulia. Akaacha kuchambua, akaingia ndani, akatoka na bakuli la matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, na maziwa mgando. "Kula. Mtu anayeenda kushika uzazi haendi na tumbo tupu, mikono itatetemeka." Nikala. Nilipotaka kumshukuru sana akasema nisimpotezee muda, pamba inamngoja. Sijui kama nitamwona tena mama yule. Namtaja kwenye maombi kama mama wa Dutwa, Mungu anayesikia anajua ni yupi.

Lamadi tulifika jua limeshapita utosini. Gari la Bunda lilikuwa linaondoka, nikapanda na kuku wangu, hata chai sikunywa.

Bunda mpaka Kisorya

Bunda nililala kwa mwanakwaya mmoja tuliyejuana kwenye semina ya akina mama. Asubuhi nikanunua chakula stendi nikisubiri gari la Kisorya. Nikaomba ugali na samaki. Mama ntilie akaniletea ugali wa kijivu, unang'aa. Nikamega, haumegeki. Nikavuta, unanifuata. Nikaita, "Mama, huu ugali umelala?"

"Umelala wapi? Nimesonga sasa hivi."

"Mbona unavutika?"

"Ni muhogo, mama. Wewe ni wa wapi?"

"Bariadi."

Akageukia wenzake. "Msukuma huyu. Amezoea ugali unaopasuka kama ukuta." Wakacheka, na mimi nikacheka, nikala. Ukishaizoea ile hali ya kuvutana nao ni mtamu, unakaa tumboni kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Kisorya upepo ulikuwa mkali. Kivuko kilikuwa ng'ambo, kimesimama. Watu wamejaa, magari yamepanga mstari, na ziwa linatoa povu. Nilikuwa pale pale niliposimama mara ile nyingine. Nikakaa juu ya gunia langu. Nikamwambia Mungu, siyo mara ya pili. Sikuongeza neno.

Simu ikaita. Nikaangalia, namba ya mkwe.

Sasa hapo ndipo nilipokosea, ingawa kwa wakati ule niliona nimefanya sawa. Bukwi haijui simu, lakini sauti ni sauti. Pembeni yangu alikuwepo kijana mmoja mfanyabiashara, Deo, anapeleka magodoro Nansio. Nikampa simu. "Baba, niongelee na mkwe wangu."

"Wewe hauongei?"

"Mimi siwezi."

Deo ni kijana mzuri lakini siyo Msukuma. Akaweka simu sikioni, akasema kwa sauti ambayo hata samaki walisikia: "Halo, kaka. Mama yako yupo hapa. Amekataa kuongea na wewe."

Nikamvuta shati. "Siyo hivyo!"

"Anasema siyo hivyo," Deo akasema. "Lakini bado hataki simu." Akasikiliza. "Ee. Ee. Sawa." Akanirudishia. "Anasema uchungu umeanza tangu alfajiri. Kabula yupo kituo cha afya, mama yake huyu mkwe wako yuko naye. Yeye anakuja kukusubiri Rugezi na pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

"Yake. Atakupakia."

Nikasema Mungu wangu. Deo akafikiri naogopa pikipiki.

Kivukoni

Upepo ulitulia baada ya mchana na kivuko kikaja. Magari yakapanda, watu wakapanda, ikabaki ng'ombe mmoja. Bwana mmoja wa kisiwani alikuwa amemnunua, dume jeusi zuri, na dume lilipofika kwenye lile bati la kupandia likagoma. Bwana akavuta kamba. Dume likakaa chini, pale pale katikati. Kivuko hakiwezi kufunga mlango.

Jamani, mnajua nusu ya wasafiri wale walikuwa Wasukuma. Kila mtu akawa mtaalamu.

"Usimvute mbele, wewe! Unamvuta kama boti!"

"Mfunike macho!"

"Huyo wa mahari huyo, amekataa kuolewa kisiwani!"

"Na wewe mwenye ng'ombe, ulimsalimia kwanza?"

Yule bwana akakasirika. "Kama mnajua, njooni!" Basi wakaenda wanaume kama kumi kwa mpigo, kila mmoja na ujuzi wake, mmoja mkia, mmoja pembe, mmoja anampigia mluzi wa malishoni, na dume likazidi kukaa. Mimi nilikuwa nasimama nakaa, nasimama nakaa. Mwanangu yuko kwenye uchungu na ninazuiliwa na ng'ombe, mimi, mtoto wa mfugaji. Mwisho nikapaza sauti: "Jamani, binti yangu anazaa ng'ambo ile! Mwacheni apumue, mnamtisha!"

Wakamwachia. Lile dume likaangalia huku na huku, likaona halina tena wa kugombana naye, likainuka lenyewe, likapanda. Watu wakapiga makofi. Mwenye ng'ombe akaja kunishukuru, nikamwambia amshukuru Mungu na akamnyweshe maji.

Kwenye maji niliogopa, siwadanganyi. Lakini nilifumbua macho. Ziwa lilikuwa na rangi ya jani la mgomba, visiwa vidogo vya mawe vinapita, juu ya mawe ndege weusi wanakausha mabawa. Nikafikiri, mwanangu anaamka na kitu kizuri hivi kila siku na hajawahi kunisifia. Alijua ningelia kwa hamu ya kuja.

Rugezi

Nilimwona kabla hatujatia nanga. Mrefu, amevaa kofia ngumu, amesimama kando ya pikipiki nyekundu. Nikajifunika kitenge kichwani, nikashuka nikitazama upande wa ziwa. Alipokuja karibu nikapiga magoti nikiwa nimempa ubavu.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Panda twende, hali siyo nzuri, anakuita wewe tu."

Nikamtafuta Deo. "Deo, mwambie marahaba. Mwambie nitapanda pikipiki nyingine."

Deo akageuka. "Kaka, anasema marahaba, na hapandi yako."

Pikipiki nyingine hakuna. Za pale zilikuwa zimeshachukua watu, na mabasi yanakwenda Nansio, kituo cha afya kipo barabara nyingine inayokata kaskazini.  Mkwe akasema, siyo kwa hasira, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira: "Mama, kama ni chombo cha mtu wa kisiwani ndiyo hakifai, niambie tu. Nitakimbia nitafute kingine."

Nilitaka kufa. Nikamwambia Deo, "Mwambie siyo hivyo."

"Anasema siyo hivyo," Deo akasema, tayari amechoka na kazi yangu.

Hapo nikaamua. Nikamwomba mwanamke mmoja wa dagaa alifunge gunia langu la michembe katikati ya kiti, kati ya dereva na abiria. Mkoba wangu ukaning'inizwa mbele. Na mimi nikapanda nikageuka. Ndiyo, nilikaa nikitazama nyuma. Mgongo wangu kwenye gunia, gunia kwenye mgongo wa mkwe, tenga la kuku mapajani, mikono kwenye chuma cha nyuma. Hatuonani, hatugusani. Niliona nimeshinda.

Deo akatuangalia. "Mama," akasema, "nimesafirisha magodoro miaka mingi. Sijawahi kuona."

Njiani, nikitazama nyuma

Ukitaka kukijua kisiwa kile, kione hivyo. Kila kitu kinakuja kikiwa kimeshapita. Kwanza unasikia harufu ya dagaa, halafu ndiyo unaona dagaa wenyewe wameanikwa wanang'aa kama vipande vya kioo. Unasikia watoto wanapiga kelele, halafu unawaona wanakukimbilia, maana nani hatakimbilia mama mzima aliyepanda pikipiki kinyume na kuku? Michungwa imejaa mpaka barabarani, mawe makubwa yamepangana kama mtu aliyapanga halafu akasahau kwa nini. Mkwe alikuwa anaendesha taratibu sana kwa ajili yangu. Nikaona na hiyo nayo ni shida, mwanangu anangoja.

Tulipofika chini ya kilima kimoja kulikuwa na mchanga. Pikipiki ikayumba, ikajiweka sawa, ikaanza kupanda. Mimi sikupanda nayo. Niliteleza taratibu tu, kama ugali unapotoka kwenye mwiko, nikajikuta nimekaa barabarani, kuku mapajani, naangalia nilikotoka. Nikageuza shingo. Mkwe anaenda zake. Gunia bado linamwegemea mgongoni, anadhani ni mimi.

Akina mama wawili walikuwa wanamenya muhogo kando ya barabara. Wakaja mbio.

"Mama, umetoka wapi?"

"Nimeanguka."

"Umeanguka kutoka wapi?"

"Pikipiki."

"Iko wapi?"

Nikaonyesha. Ilikuwa katikati ya kilima.

"Hajui kama umeanguka?"

"Hajui."

"Anaitwa nani tumwite?"

Nikaangalia kilima.

"Mama, dereva wako anaitwa nani?"

"Ni mkwe wangu."

"Sawa. Jina lake?"

"Siwezi kulitaja."

Yule mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu kagonga kichwa," akaanza kunipapasa nywele.

Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye pikipiki. Nikasimama, nikaita, "Wewe!" Nikaita, "Baba!" Wakageuka wanaume watatu wasionihusu, mmoja yuko juu ya mchungwa. Nikaita, "Baba wa nyumbani kwa Kabula!" Upepo ukaichukua sauti. Alikuwa anakaribia kileleni. Akishuka upande wa pili ataenda mpaka kituoni na gunia la michembe, na Kabula ataona mumewe amekuja bila mama yake, kama ile mara nyingine.

Nikamwaza bibi yangu aliyenifundisha bukwi kwa fimbo. Nikamwaza Baba Kabula mnadani. Halafu nikamwona mwanangu amelala anaangalia mlango.

Nikavua kitenge kichwani nikaita, kwa sauti ile ya kuita ng'ombe mtoni: "Majuraaa! Majura!"

Pikipiki ikasimama.

Akashuka mbio kwa miguu, pikipiki ameilaza juu kule. Alipofika alikuwa anahema. "Mama, umeumia?"

"Sijaumia." Nilimjibu mwenyewe, Deo hakuwepo.

Akasimama. Akaangalia chini. "Mama. Kumbe jina langu unalijua."

"Nalijua. Kwa Mungu nakuita yule wa Kabula, na anakuelewa."

"Miaka yote ukipiga simu unasalimia kila mtu, mpaka mbwa. Mimi hapana. Kabula ananiambia ni mila yenu, nikaona ananipoza tu. Na leo ukakataa simu, ukakataa pikipiki, ukapanda ukanipa mgongo. Nikasema, basi, mama huyu hanitaki na mtoto wangu naye hatamtaka."

Mimi sikuwahi kufikiri kwamba heshima ikienda ng'ambo ya maji inafika ikiwa kitu kingine. Nikamwambia, "Baba, kwetu ambaye hatumheshimu ndiye tunayemwita jina kutwa nzima. Wewe nimekutunza kama chumvi. Sasa twende, mtoto anatungoja."

Akabeba tenga. Akina mama wa muhogo wakatusindikiza mpaka juu, wanacheka na kufuta macho. Nikapanda, safari hii nikitazama mbele. Gunia nililiacha katikati.

Kituoni

Nje ya chumba cha kuzalia alikuwa amekaa mama mmoja mnene, mikono ameikunja. Mama Nyanjura, mama yake mkwe. Hakusimama.

"Ndiyo wewe? Tumesikia hutaki hata sauti ya mwanangu."

Kabla sijajibu mkwe akasema, "Mama, acha. Ameniita."

"Amekuita nini?"

"Jina langu. Kijiji kizima kule bondeni kimesikia."

Mama Nyanjura akaniangalia miguu yenye mchanga, nguo yenye mavumbi, manyoya ya kuku. Mdomo ukaanza kumcheza. Ila hakuna aliyecheka, maana nesi alitoka. "Mama yake Kabula ni nani? Nguvu anazo lakini hataki kusukuma, anasema mpaka mama."

Nikanawa, nikaingia. Kabula alikuwa amelowa jasho, macho mlangoni kama nilivyomwona kichwani kwangu kule barabarani. Akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Mama umefika."

"Nimefika. Haya, ng'wana wane, mwanangu, fanya kazi yako."

Yaliyofuata akina mama mnayajua. Mtoto akatoka. Na akanyamaza.

Nesi akamshika, akamsugua mgongo kwa kitambaa. Kimya. Kabula akanigeuzia uso, hakuuliza, alikuwa anaangalia midomo yangu nitasema nini.  Nilimshika tu. Nje hata Mama Nyanjura alikuwa ameacha kukohoa. Nesi akasugua tena, akampiga nyayo.

Mtoto akapiga chafya, halafu akalia. Alilia vibaya, kwa ukali, kama mtu aliyecheleweshwa. Wa kike. Nje Mama Nyanjura akapiga vigelegele, na nikasikia mtu mzima wa kiume analia ukutani, sikuuliza ni nani.

Kabula akaniambia, "Mama, mikono yako inatetemeka."

Nikamwambia, "Acha itetemeke, kazi imekwisha." Wabeja, asante Mungu wangu. Wabeja sana.

Siku za kisiwani

Nilikaa mpaka kitovu kikadondoka na siku nyingi zaidi. Kulala nililala kwa mwalimu mwenzake Kabula, mama mjane wa jirani. Mkwe hakununa, alinipelekea godoro mwenyewe, akaliacha mlangoni. Asubuhi nilikuwa nakanda mgongo wa Kabula kwa maji ya moto, Mama Nyanjura anapika uji, tunagombana. Yeye anataka supu ya samaki, mimi nataka kuku na samli. Kabula akala vyote, akanenepa, mambo yakaisha. Machungwa kule hayauzwi kwa jirani, unaambiwa pita uchume. Jioni tulikwenda ziwani kuchota maji, na wanawake wa pale walikuwa wameshanipa jina, Mama wa Kinyume. Sikukasirika. Ni jina la safari iliyofika.

Siku moja Mama Nyanjura akaniuliza, "Hii bukwi yenu haina mlango? Mtafichana mpaka kiama?"

"Mlango upo. Mkwe analeta mbuzi, mama anampokea, bukwi imefunguliwa. Mnaweza kula pamoja."

Mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza injini. Nikasikia nyundo imenyamaza.

Kesho yake alikwenda ziwani na wenzake. Akarudi na sangara, amebebwa na watu wawili kwenye mti, mkia unaburuta. Wakamlaza mbele yangu. Mkwe akachuchumaa mbali kidogo, akatazama upande kama nilivyokuwa namfanyia. "Mama, mbuzi ningemnunua kwa mtu. Huyu nimemvua mwenyewe."

Sikuwa na ruhusa ya kuamua jambo hilo peke yangu. Nikampigia Baba Kabula.

"Amefungua kwa samaki?" akauliza.

"Samaki."

Nikasikia ng'ombe wetu wanalia nyuma yake. "Mama Kabula, samaki hana hata kwato."

"Hana."

"Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie kamvua mwenyewe, na upepo ule."

"Ana ukubwa gani?"

"Wamembeba watu wawili."

"Kumbe ni ndama," akasema. "Pokea."

Ya kurudi sina cha kusimulia, maji yalikuwa yametulia na hakuna ng'ombe aliyekaa chini. Nataka niwaachie pale pale uani kwa Kabula. Mkeka umetandikwa, Kabula ananyonyesha, Mama Nyanjura amepakua. Kule mgeni mkubwa anapewa kichwa cha samaki. Sahani ikawekwa mbele yangu, kichwa kikubwa kama jungu, meno, mifupa, sijui pa kushika. Mkwe akaketi upande wa pili wa sahani ile ile. Nikainua uso nikamwangalia. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kulijua.

Nikamwambia, "Majura, baba, nifundishe kula hiki."

Akacheka, akanawa, akasogeza sahani katikati yetu, akaanza na jicho.